Kwanini tiba za seli ni ghali hivi: jibu la mtu anayezitengeneza

Mkuu mdogo wako ana selimundu na umeuliza kwanini Casgevy, ile tiba ya selimundu ya kuhariri jeni, Marekani inauzwa dola milioni 2.2 na sie Tanzania tutaipata lini. Mi sipo kwenye Casgevy, nipo kiwanda cha CAR-T huku huku Marekani, yaani tunachukua seli za kinga za mgonjwa wa saratani ya damu tunazipa jeni ya kuitambua saratani, ila kinachopandisha bei ni kile kile.

Hii sio dawa ya kuchanganya pipa moja ukagawia watu elfu. Bechi moja mgonjwa mmoja, kama suti ya kushonesha, ikiharibika huna wa kumuuzia. Damu yake inapita kwenye mashine, seli nyeupe zinachujwa, zinaletwa kwetu tunaziamsha, tunaziingizia jeni kwa virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, tunazikuza siku kadhaa kisha zinagandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika na kurudi hospitali. Sasa mtu aliyepigwa kemo mara nyingi seli zake zinakuja zimechoka, unachungulia kwenye hadubini asubuhi unakuta hazijaongezeka na unajua kuna mtu kitandani anazisubiri, aisee inauma sana.

Na kuingia tu kwenye chumba safi tunamotengenezea ni ovaroli ya mwili mzima, glavu pea mbili, miwani, kila kitu kinapuliziwa spiriti, pete na wanja marufuku. Mmoja anafanya, mwingine anaangalia, wote mnasaini. Kipimo cha kawaida cha kuhakikisha hakuna bakteria wala fangasi ni siku 14. Faida ya kampuni imo pia sikatai, lakini mikono ya watu, virusi vya kubebea jeni na vipimo vinakula hela mno.

Kinachonipa moyo ni mashine za mfumo uliofungwa kama CliniMACS Prodigy, seli zinaingia kwenye mirija na mifuko yake na hazikutani na hewa ya chumba mpaka mwisho, kwahiyo hata hospitali inaweza kutengeneza yenyewe. India wameshaonyesha, CAR-T yao ya NexCAR19 iliyotokana na chuo cha IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial ilipata kibali Oktoba 2023, bei inatajwa kama dola 50,000 hivi, wakati Kymriah, CAR-T ya huku Marekani, ilianza 2017 kwa dola 475,000!

Na nyumbani hatuanzi sifuri. Muhimbili wanapandikiza uloto tangu 2021, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakaanza 2023 kwa watoto wa selimundu, maana yake kuvuna seli na kumrudishia mgonjwa watu wanajua. Kinachokosekana ni hapo katikati, chumba safi, virusi au vifaa vya kuhariri jeni, na vijana wa maabara waliozoea kazi hii, na hao vijana ndio wanachukua muda mrefu kuwaandaa kwahiyo mi ningeanza nao hata kabla mashine haijanunuliwa. Mdogo wako akiendelea na haidroksiurea, ile dawa ya selimundu, asiiache kusubiri hii, na kama kuna anayesoma sayansi ya maabara aje PM nimwelekeze kozi za kuanzia.