Barua zenu: Mnaoitaka Benki Kuu

*Tawi la Benki Kuu hapa Tabora liko mtaa gani, nipeleke maombi ya kazi? (Urambo)*

Halipo. Mwezi huu wewe ni wa nne kuniuliza. Nje ya Dar, ofisi zake ziko Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Mtwara na Zanzibar, na nafasi hutangazwa, hazisubiri bahasha. Atakayekwambia anakupitishia kwa laki mbili, mkimbie.

*Benki ikihangaika kupata wachumi wa kila mkoa na wanawake, si itaacha vichwa? (Kigoma Mjini)*

Ndugu yangu, na wewe wa Kigoma! Mbalamwezi ikiwaka, karabai za wavuvi hazivuti kitu, dagaa wanaadimika Kibirizi, bei inapaa. Giza likirudi, inashuka. Msaidizi wa utafiti wa benki aliyekulia Masaki, kwa matajiri wa Dar, ataona mstari umepanda kwenye kompyuta, aandike mfumuko wa bei. Binti wa Kibirizi atauliza kwanza: bei hii ilichukuliwa gizani au mbalamwezi? Hicho nacho ni kichwa.

Na vichwa havijaanza kuachwa leo. Sadie Alexander, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa uchumi, 1921, kazi ya uchumi aliikosa, akageukia sheria. Benki kuu yao iliundwa 1913; mweusi wa kwanza kwenye bodi yake ya magavana, Andrew Brimmer, aliingia 1966, mwaka uleule yetu ilipofungua milango. Mwenyekiti wa kwanza mwanamke, Janet Yellen, 2014. Sisi naibu gavana mwanamke tumemwona, Natu Mwamba. Gavana bado.

*Nina ulemavu wa miguu na shahada ya uchumi. Niombe? (Kasulu)*

Omba, na uutaje. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu.

*Binti yangu ana B ya hesabu, anataka uchumi. Mjomba wake anasema HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) inatosha, EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) itamtesa. (Nzega)*

Mama, mjomba atamlipia kisomo cha kurudia? Msaidizi wa utafiti wa benki hapeleki chai. Anasafisha takwimu, anaandika programu, anakadiria milinganyo. Kwa BAM peke yake, zile hesabu za msingi za wa HGE, atahema. Tunalalamika wachumi wa benki ni watoto wa walewale, kumbe wa kwetu tumewatoa mchezoni wakati wa kuchagua tahasusi, tena na B mkononi! Muulize mkuu wa shule kama dirisha la kubadilisha bado liko wazi. Nenda wewe, usimtume mjomba.