Maswali ya Kihispania: Kabla hujafungua kamusi, liseme kwa Kiswahili

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: neno la Kiingereza ni moja, kamusi ya Kihispania inatoa matatu, na msomaji hajui ashike lipi. Nimechagua nne. Kwa wasomaji wapya, mimi ni mzaliwa wa Muheza. Niliishi Valencia, Hispania, miaka tisa nikimtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake, na tangu nirudi nafundisha Kihispania Unguja. Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii.

Shangazi, shikamoo. Naongoza watalii hapa Nungwi. Wiki iliyopita nilichukua familia moja kutoka Hispania, tunakwenda Mnemba kuogelea na samaki. Nikataka kujua kama ni mara yao ya kwanza kufika Zanzibar. Kwa Kiingereza ningesema "first time", basi nikasema "primer tiempo". Wakatazamana. Kamusi yangu inasema "time" ni tiempo, ni hora, ni vez. Nitajuaje lipi ni lipi?
*Mwongoza watalii, Nungwi*

Marahaba, mwanangu. Walitazamana kwa sababu "primer tiempo" kwao ni kipindi cha kwanza cha mpira, kile cha dakika 45.

Sasa isome tena barua yako. Hukuniandikia "wakati wao wa kwanza", wala "saa yao ya kwanza". Uliandika "mara yao ya kwanza", na sidhani kama ulisita hata kidogo. Jibu ulikuwa nalo mkononi. Mara ni vez, na zikiwa nyingi ni veces: la primera vez, mara ya kwanza, tres veces, mara tatu, muchas veces, mara nyingi. Wakati ni tiempo: no tengo tiempo, sina wakati. Saa ni hora: ¿qué hora es?, saa ngapi sasa? Kiingereza kimeyafunga hayo matatu kwenye furushi moja, lakini wewe umekua nayo yakiwa yamefunguliwa, kila moja mahali pake. Ulichofanya ni kuyarudisha kwenye furushi la Kiingereza, kisha ukaiomba kamusi ikufungulie upya. Kamusi haikujui, wala haijui uko kwenye boti na nani.

Nikuongezee mawili ya kazi yako. Tiempo ni hali ya hewa pia. Mgeni akikuuliza asubuhi "¿qué tiempo va a hacer?", usianze kumsomea ratiba, anataka kujua kama mvua itanyesha na kama bahari itachafuka. La pili ndilo ninalolikazania darasani kuliko yote, nalo ni saa zetu. Boti ikiwa inaondoka saa tatu asubuhi, mwambie mgeni "a las nueve". Ukiteleza ukasema "a las tres", atakuja saa tisa alasiri na mfuko wake wa kuogelea, na boti imekwisha kurudi. Hapo Kiswahili hakikusaidii, kinakuponza. Hesabu sita kwanza ndipo ufungue mdomo.

Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu anasoma Kihispania sekondari. Aliandika "juego la guitarra" akakosa alama. Yeye ameshika kwamba "play" ni jugar. Mimi Kihispania sikijui kabisa. Nimsaidieje?
*Mama wa mwanafunzi, Nairobi*

Nzuri, dada yangu. Muulize tu: gitaa tunalifanyaje? Kama Kiswahili chake ni cha nyumbani atakujibu kwamba gitaa hupigwa. Kupiga ala ni tocar, kucheza mchezo ni jugar. Toco la guitarra, napiga gitaa. Juego al fútbol, nacheza mpira. Nasikia siku hizi vijana wanasema "kucheza gitaa". Hicho ni Kiingereza kilichovalishwa kanga, na ndicho kilichomnyima binti yako alama. Tocar ni kugusa pia, hata kubisha mlango, kama nasi tunavyopiga hodi.

Mwonye kitu kimoja, ngoma. Kupiga ngoma ni tocar el tambor, lakini kucheza ngoma kwetu ni kudansi, na hapo ni bailar. Siku akikwama kwenye "ask", mrudishe nyumbani vivyo hivyo: kuuliza ni preguntar, kuomba ni pedir. Mtoto aliyelelewa vizuri hajawahi kuyachanganya hayo mawili mbele ya wakubwa zake.

Shangazi, mimi ni mwenyeji wa Bukavu, sasa naishi Houston, Texas. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na wengi wametoka Meksiko. Natafsiri kwa simu kutoka Kiingereza. Juzi nilitaka kumuuliza mama mmoja kama anasikia joto, nikaandika "are you hot?", simu ikaleta "¿estás caliente?" Mwenzangu wa kutoka Guatemala akanishika mkono nisiitamke. Hakunieleza kwa nini.
*Mtunza wazee, Houston*

Mshukuru sana mwenzako. Ungekuwa umemuuliza mama wa watu kama ana ashiki. Kwa mtu wa umri ule ni kumvunjia heshima kitandani pake mwenyewe.

Caliente ni chai, ni maji ya kuoga, ni pasi. Pilipili ni picante. Lakini mtu hawi caliente, mtu ana joto: tengo calor. Litazame hilo "tengo" kwa makini, maana litakubebea kazi kubwa. Ni "nina" yetu. Kiingereza humfanya mtu awe joto, awe njaa, awe miaka themanini. Sisi na wao tunampa tu: nina njaa, tengo hambre, nina kiu, tengo sed, nina usingizi, tengo sueño, nina hofu, tengo miedo, ana miaka themanini, tiene ochenta años. Wewe unayeshinda na wagonjwa utayasema hayo kutwa mara hamsini, na hakuna hata moja linalohitaji Kiingereza katikati. Kwa kuwa ni mzee, "tú" iache, shika "usted", ndiyo adabu yao: "¿Tiene calor, señora?"

Ila kuna mahali Kiswahili nacho kitakuangusha. Kiliniangusha mimi, na aliyeumia hakuwa mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Valencia. Bibi aliamka ameshika upande wa kushoto wa kichwa. "El oído," akaniambia, "me duele el oído." Kichwani mwangu ikapita "ear", ikafuata "sikio", nikaona nimeelewa. Nikamvua hereni. Nikatazama ndewe, nikatazama nyuma ya sikio, nikampaka mafuta ya zeituni ya uvuguvugu. Sikuona kidonda. Nikapiga simu kituo cha afya, nikasema "le duele la oreja". Wakaniuliza kama amejikata, kama hereni imemchubua, kama amegongwa. Nikajibu hapana kwa kila swali, nikijibu kweli tupu. Wakasema nimwangalie tu. Usiku wa tatu homa ilipanda, na asubuhi foronya ilikuwa na usaha.

Oreja ni lile jani la nje, panapotobolewa hereni. Oído ni la ndani, panaposikia. Bibi alilitaja ugonjwa wake sawasawa tangu dakika ya kwanza, nami nikalibadilisha njiani, kwa sababu Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vina neno moja tu. Alipona, lakini usikivu wa upande ule haukurudi wote. Miaka iliyobaki nilikuwa nikikaa kuliani kwake ili anisikie.

Kwa hiyo daftari lako la viungo vya mwili liandike kwa mkono, usiiachie simu. Mguu wa mtu ni pierna. Pata ni wa mbuzi na wa meza, na mgonjwa atakwazika ukimwambia ainue pata. Vidole vitakufurahisha: dedos ni vya mikono na vya miguu, kama kwetu.

Na tafadhali kagua lebo za dawa. Neno "once" kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania, kwa herufi zilezile nne, ni kumi na moja. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika maduka ya dawa ya Bronx, New York, na hatari ya neno hili ilionekana humo: kompyuta za kutafsiri lebo zililiacha kama lilivyo katikati ya maneno ya Kihispania. Mzee anayesoma Kihispania peke yake atasoma vidonge 11 kwa siku. Ukiiona lebo ya namna hiyo, irudishe kwa mfamasia aandike "una vez al día". Ni vez ileile niliyompa kijana wa Nungwi: mara moja kwa siku.

Shikamoo Shangazi. Kwa heshima zote, kila mwezi unatuambia tupitie Kiswahili, nami naona unatia chumvi. Nimelitafuta neno "even": hasta, incluso, ni siquiera, par, liso. Kiswahili kitanisaidiaje hapo? Na samaki je?
*Mwanafunzi wa lugha, Dar es Salaam*

Marahaba. Kwa samaki umenishika, na nakubali. Kule Mercado Central, soko kuu la Valencia, samaki waliolala kwenye barafu ni pescado. Wakiwa bado wanaogelea ni peces, na mmoja ni pez. Kwetu ni samaki baharini, samaki sokoni, samaki sahanini. Kujua nako ni hivyo: kujua jibu ni saber, kumjua mtu ni conocer, na sisi tunajua tu. Hayo ni ya kukariri, hayana njia ya mkato.

Lakini "even" umenichagulia vibaya, mwanangu, maana hilo ndilo nilipendalo kuliko yote. Namba shufwa ni par. Kitu kilicho sawasawa, hakina mabonde, ni liso. Unaona kwamba Kiswahili kimekwisha kuyatenga hayo bila wewe kutoa jasho. Ikibaki "hata", sema "hata watoto wamekuja": hasta los niños han venido. Ikiwa ya kukanusha, "hakuja hata mmoja": no vino ni siquiera uno.

Hata, hasta. Yatamke kwa sauti. Hayakufanana kwa bahati. Majeshi ya Waislamu yalivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Katika karne hizo zote Kiarabu kilikuwa kikisemwa sokoni na mashambani, na "hatta" ya Waarabu ikabaki midomoni mwa Wahispania kama hasta. "Hatta" hiyohiyo ilifika pwani yetu kwa majahazi. Ndiyo maana mtu tusiyetaka kumtaja jina kwetu ni fulani na kwao ni fulano, na cha kutia kwenye chai ni sukari kwetu na azúcar kwao. Kiingereza hakikuhusika. Ukipita kwake kwenda kuitafuta hasta, unazunguka London kumtafuta ndugu yako wa damu.

Hasta ina kazi ya pili, kazi ya "mpaka": hasta mañana, mpaka kesho. Utasema hapo ndugu hawa wamepotezana. Waulize wazee. Wao husema "tangu asubuhi hata jioni". Kwenye Biblia aliyokuwa akisoma mama yangu Muheza, Zaburi ya 13 inalia "hata lini", na alikuwa akiisoma kwa sauti kila palipokuwa na mgonjwa nyumbani.

Bibi wa Valencia naye aliijua zaburi hiyo. Majuma yake ya mwisho hakuwa akilala usiku, nami nilikaa kwenye kiti upande wa kulia wa kitanda. Usiku mmoja akaanza kuisali polepole: "¿Hasta cuándo, Señor?" Nikajikuta nimemwitikia kwa Kiswahili: hata lini. Akageuza kichwa, akataka kujua nimesema nini. Nikamwambia nimesema maneno yako, bibi, kwa lugha ya mama yangu. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akayajaribu mwenyewe, moja baada ya jingine, hasta, hata, hasta, kisha akaniomba nizime taa.