Mafunzo ya tiba shufaa kwa muuguzi mzoefu: majibu yangu baada ya miaka kumi na moja

Mdogo wangu, umeuliza kama kuna haja ya muuguzi mwenye uzoefu wa miaka sita kukubali kupelekwa mafunzo ya tiba shufaa, yaani ya kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia kufa pamoja na familia zao, wakati, kwa maneno yako, "kila siku tunawaona wakifariki na tunajua la kufanya". Swali hilo sikulipita, kwa sababu miaka kumi na moja iliyopita nilimwambia matroni wangu maneno yaleyale. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia katika hospitali ya mkoa, kwanza kwenye wodi ya wanaume, kisha kwenye kitengo cha tiba shufaa ambako niko hadi leo.

Mgonjwa aliyenifanya nibadili kauli alikuwa mwalimu mstaafu mwenye saratani ya umio, ambaye hata uji ulikuwa ukimpita kwa shida. Usiku mmoja nikiwa zamu aliniuliza, kwa sauti ya chini ili mwanawe aliyelala kwenye mkeka asisikie, "Mwanangu, hii hali yangu inakwenda wapi?" Nikamjibu haraka kwamba atapona, Mungu ni mwema, nikanyoosha shuka nikaenda kitanda cha pili. Hakuniuliza tena. Alifariki siku tisa baadaye, na matanga yalipokwisha mkewe alirudi wodini kuuliza kama marehemu aliacha neno lolote, kwa kuwa kuna fedha alizokuwa amemkopesha mtu na nyumbani hapakuwa na aliyemjua mdaiwa. Sikuwa na cha kumwambia. Nilichokijua ni kwamba usiku ule mzee alikuwa ameanza kusema, nami ndiye niliyemkatiza.

Katika mafunzo tulifanya igizo dhima, zoezi ambalo wengi wetu tuliliona la kitoto hadi zamu yangu ya kuwa mgonjwa ilipofika, nikalala kwenye meza mbili zilizounganishwa, nikamuuliza mwenzangu swali la yule mwalimu, naye akanijibu vilevile nilivyomjibu mzee. Mkufunzi alitusimamisha hapo, akatufundisha kwamba kabla ya kumweleza mgonjwa chochote ni lazima kwanza umuulize yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake, kisha ujue anataka kuambiwa kiasi gani na angependa nani awepo, na baada ya kuuliza unyamaze hata kama kimya hicho kinakuchoma.

Jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa mbali na kwetu haviligusi ni salamu. Kwetu mtu hata akiwa kwenye maumivu makali, ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu "nzuri", na ukimwamkia "shikamoo" atasema "marahaba" kisha atamshukuru Mungu, maana hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Muuguzi asiyefundishwa huandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Sisi tulifundishwa kuketi, kumaliza salamu bila papara, halafu kuuliza swali la pili lenye kitu cha kushika: usiku ulilala ubavu upi, uliamka mara ngapi, kitu gani ulikuwa ukikifanya juzi ambacho leo hukiwezi. Mzee asiyeweza kupima maumivu yake kwa namba kutoka sifuri hadi kumi hupewa mkono, ngumi ikiwa hakuna maumivu na vidole vitano vikiwa maumivu yasiyovumilika, naye hujibu mara moja.

Upande wa dawa nitasema kwa ufupi kwa kuwa mwongozo utaupata. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hupewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi, na dozi ya kulalia inaweza kuwa maradufu ili mgonjwa afike alfajiri. Dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile, maana kichefuchefu na usingizi wa mwanzo hupungua baada ya siku chache, ilhali kufunga choo kunakoletwa na mofini hakuondoki kwenyewe. Kinachotaka mafunzo zaidi ni kumweleza ndugu anayeamini kwamba mofini ikianza, hospitali imemkatia tamaa mgonjwa wake. Majirani zetu wa Uganda walilielewa hili mapema: huduma iliyoanzishwa Kampala na daktari Anne Merriman mwaka 1993, yaani Hospice Africa Uganda, ilikwenda sambamba na kufundisha, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini. Bila ruhusa hiyo, mgonjwa wa kijijini angemngoja daktari asiyekuwepo.

Sasa nije kwa wafiwa, ambako mimi binafsi nilikuwa mjinga kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimekariri hatua tano za daktari Elisabeth Kübler-Ross za kukabili kifo, yaani kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali, kama mtu anavyokariri ngazi, nikitarajia kila mjane azipande kwa mpangilio, na asiyekasirika nilimwona bado yuko nyuma. Mkufunzi alitukumbusha kwamba mwaka 1969 daktari huyo aliandika kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, na wafiwa waliingizwa humo baadaye. Maelezo yaliyonisaidia zaidi ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii anazama katika aliyempoteza, saa nyingine anashughulika na ada za watoto na paa linalovuja, na kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Tangu hapo nimeacha kumshangaa mjane anayecheka katikati ya matanga, na mara mbili nimemtetea mbele ya mawifi.

Tulifundishwa pia kuyapima maneno tuliyozoea. "Kazi ya Mungu haina makosa" ikitoka kwa shehe, mchungaji au jirani ina mahali pake, na sitaki mtu anielewe kwamba naibeza. Ikitoka kwa muuguzi aliyekuwa ameshika dripu dakika kumi zilizopita, mfiwa huisikia kama namna ya kumzuia asiulize kilichotokea. "Jikaze" ni vivyo hivyo. Na tafsida zetu nyingi za kifo zina hatari yake: niliwahi kumwambia ndugu mmoja kwenye simu kwamba mgonjwa wake hatunaye tena, akaniuliza amehamishiwa hospitali gani. Kwa mtu mzima tunasema "amefariki dunia", kisha tunanyamaza. Mtoto mdogo huambiwa wazi kwamba baba amekufa na hatarudi, kwa sababu aliyeambiwa baba amesafiri atakwenda kumngoja barabarani.

Ufuatiliaji nao hupangwa kwa kujua nyumba unayoiendea. Mjane wa Kiislamu aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi humwiti kliniki. Wewe ndiye unayekwenda, tena kwa mpango na watu wa nyumbani. Pale kwetu kazi hiyo tunaifanya pamoja na afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye mara nyingi ndiye anayejua kwamba familia bado haina cheti cha kifo na kwa hiyo haiwezi kufuatilia mafao.

Nisikufiche upungufu. Kabla ya kozi hiyo niliwahi kuhudhuria semina ya siku tatu hotelini, yenye begi, kalamu na posho, na sikumbuki hata neno moja. Kozi iliyonibadilisha ilikuwa na mkufunzi aliyekuja wodini mara nne baada ya darasa, akakaa pembeni nikizungumza na mgonjwa, kisha akaniambia nilipokosea. Mara ya pili nililia mbele yake kwa ajili ya yule mwalimu mstaafu, naye akaniacha nilie kabla hatujarudi kwenye orodha yake.

Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza kama kuna ufuatiliaji wa namna hiyo, nani atashika zamu zako ukiwa haupo, na kama ukirudi utaachwa kwenye kitengo. Sisi tulikuwa kumi na wanne, na kabla mwaka haujaisha watano walikuwa wamehamishiwa wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji.