Kumtafuta muungwana wa Kiingereza, anzieni kaburini

Ndugu zangu mnaoanza kufuatilia nasaba za waungwana wa Uingereza wa karne ya 16 na 17, nawaomba jambo moja: msianze na mti wa ukoo ambao mtu mwingine ameshauchora. Anzeni na siku ya maziko, kisha mrudi nyuma hati kwa hati.

Chukueni William Shakespeare mjifunzie kwake, maana karatasi zake zote zimeshachambuliwa na mtaweza kujisahihisha. Rejista ya kanisa la Holy Trinity, Stratford, inasema alizikwa 25 Aprili 1616, na baada ya jina lake kuna neno "gent", kifupi cha "gentleman", yaani muungwana. Hilo ndilo linalowaelekeza pa kwenda. Mtu wa cheo hicho aghalabu aliacha ardhi, nembo (alama rasmi ya ukoo) na wosia. Nembo alipewa baba yake, John, mwaka 1596. Wosia ulithibitishwa Juni 1616 katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na kumbukumbu za mahakama hiyo sasa ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew.

Someni wosia polepole. Humo Shakespeare anamwita Elizabeth Hall "niece", na mgeni ataandika haraka kuwa ni mpwa wake. Siyo. Elizabeth ni mjukuu, mtoto wa binti yake Susanna. Enzi hizo neno hilo lilibeba maana zote mbili. "Cousin" nalo lilitumika kama sisi tunavyotumia "ndugu", likaenea hadi kwa jamaa wa mbali kabisa. Sisi wenye baba wadogo na mama wakubwa tunalielewa hili upesi, mradi tusisome kwa kamusi ya leo.

Lililonigharimu zaidi ni kalenda. Mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, na ukaendelea hivyo hadi marekebisho yaliyohamishia mwanzo wake 1 Januari 1752. Nilikuwa na familia moja: mtoto kabatizwa Septemba 1610, mama yake kazikwa Januari 1610. Nikaona mama amekufa kabla ya mtoto kuzaliwa, basi nikaandika kwamba baba alioa mke wa pili, nikamtafuta huyo mke wiki mbili nzima. Hakuwahi kuwapo. Januari 1610 yao ni Januari 1611 yetu. Mama alifariki mtoto akiwa na miezi minne. Bado naumia nikikumbuka nilivyomnyang'anya yule mama mwanawe kwa kutojua kuhesabu. Tangu hapo naandika miaka yote miwili. Mapacha wa Shakespeare, Hamnet na Judith, walibatizwa 2 Februari 1584/85.

Tazameni na mwandiko. Rejista za parokia ziliamriwa mwaka 1538, lakini nyingi za mwanzo ziliandikwa kwenye karatasi, na mwaka 1598 ikaamriwa zinakiliwe kwenye ngozi. Ndiyo maana rejista ya Stratford, kuanzia 1558 hadi 1600, ina mwandiko wa mtu mmoja. Mnayemsoma pale ni mnakili, naye aliweza kuruka mstari.

Kati ya 1530 na 1688 maofisa wa nembo walizunguka wilayani kukagua nani anastahili nembo, wakaandika nasaba kama familia zilivyowasimulia. Jina la babu aliyefahamika na msimuliaji mnaweza kulifanyia kazi. Akitajwa shujaa wa kale, tafuteni hati. Rasimu ya nembo ya 1596 yenyewe inadai wazee wa akina Shakespeare walituzwa na Mfalme Henry VII, na hati ya kuthibitisha hilo haijaonekana.

Mkifika mahali ukoo umekatika, msifunge daftari. Elizabeth alifariki 1670 bila mtoto, na uzao wa Shakespeare ukaishia hapo. Lakini wosia ule ule unamtaja dada yake, Joan Hart, na wanawe. Kwa Joan ukoo unaendelea.