Fonti Huchaguliwa kwa Mahali Itakaposomewa: Somo la Matthew Carter

Ukichagua fonti (mtindo wa herufi) kwa sababu tu imependeza kwenye orodha ya kompyuta, umeanzia mwisho. Jiulize kwanza: itasomwa kwenye karatasi gani, skrini gani, kwa ukubwa gani? Hivyo ndivyo anavyofanya kazi Matthew Carter, mbunifu wa fonti, mzaliwa wa London mwaka 1937, ambaye ujanani alijifunza kuchonga herufi kwenye chuma huko Haarlem, Uholanzi.

Mwaka 1978 ilitoka fonti ya Bell Centennial, aliyoibuni kwa vitabu vya namba za simu vya kampuni ya AT&T ya Marekani. Herufi ndogo sana za pointi 6, karatasi hafifu, mashine inayokwenda kasi: wino husambaa na pembe za herufi huziba. Carter alikata vipengo pale mistari inapokutana, ili wino ukisambaa uvijaze na herufi itoke safi. Kwa hiyo usiiweke kwenye bango. Ikikuzwa vipengo havijai, na herufi huonekana kama zimetafunwa na panya.

Fonti ya Verdana, aliyoitengenezea Microsoft na kutolewa mwaka 1996, ilianzia kwenye pikseli, yaani vinukta vya skrini. Mistari laini ya herufi ilifuata baadaye. Ndiyo sababu ni pana na ina nafasi kubwa kati ya herufi. Andika "Ilala" kwa fonti ya Arial: I na l huwezi kuzitofautisha. Verdana imeipa I vijistari juu na chini, shida imekwisha. Lakini upana huo unakula nafasi, na kwenye maandishi makubwa ya kuchapwa unachusha. Kampuni ya samani ya IKEA ilipoihamishia kwenye katalogi yake mwaka 2009, wabunifu walipiga kelele, na kwa kweli walikuwa na haki.

Georgia, fonti yake nyingine ya mwaka huohuo wa 1996, ni nzuri kwa makala ndefu. Tatizo ni tarakimu: 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari, 6 na 8 hupanda. Ndani ya aya zinatulia. Kwenye orodha ya bei safu inayumba. Jedwali lipe fonti nyingine.

Kumbuka pia kwamba simu za Android kwa kawaida hazina Verdana wala Georgia, hivyo tovuti yako itaonyeshwa kwa fonti mbadala. Ijaribu kwenye simu ya bei ndogo. Kama ni ya kuchapwa, toa ukurasa mmoja wenye "ng'ombe", "Ilala" na namba za simu, kwa karatasi na mashine zilezile zitakazotumika, kabla hujalipia nakala zote.