Nikifuata Kwenye Dansi, Je, Ninajishusha?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Nyumbani pia nimezoea kuwa mwamuzi, kwa sababu mume wangu alifanya kazi mikoani kwa miaka mingi. Sasa amerejea, na tangu miezi miwili iliyopita tunakwenda pamoja kujifunza salsa kila Alhamisi jioni. Hatua ninazijua, lakini kila wiki mwalimu hunirudia kwa maneno yaleyale: "Mama, unamtangulia." Nikijilazimisha kumfuata mume wangu, naona kama ninarudishwa kwenye yale mafunzo ya usichana kwamba mwanamke asubiri kuambiwa. Dada yangu amenishauri niache. Hata hivyo, siku mbili tatu tulipopatana, japo kwa nusu ya wimbo, nilitoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia. Je, kujifunza kufuata kutanikuza au kutanipunguza? – Mwalimu, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hofu ya dada yako siidharau, kwa kuwa wanawake wengi wamefundishwa unyenyekevu usio na malipo, na mtu aliyetoka huko ana haki ya kushtuka akisikia neno "kufuata". Kwenye dansi, lakini, neno hilo limebeba maana tofauti na ile ya nyumbani kwa wazee.

Tazama jinsi salsa ilivyopangwa. Mapigo ni manane: unakanyaga la 1, la 2 na la 3, unatulia la 4, unakanyaga la 5, la 6 na la 7, kisha unatulia la 8. Anayeongoza huhamisha uzito wa mwili wake kidogo, au huinua kiganja chako, na kwa kufanya hivyo anapendekeza jambo. Hawezi kukutembeza, maana miguu ni yako na uzito wako unaubeba mwenyewe; akitumia nguvu, dansi huharibika papo hapo na bega lako ndilo linaloumia. Kazi yako ni kuupokea ujumbe ule na kuujibu kwa hatua yako, kwa ukubwa na mwendo unaoupenda. Anayetangulia hujibu swali ambalo halijamalizika kuulizwa. Darasani bila shaka unamjua mwanafunzi wa namna hiyo: ni hodari, mkono wake uko juu daima, na mara nyingi jibu lake ni la swali lingine.

Ninalisema hili kwa sababu kosa lako nililifanya kutoka upande wa pili. Nilianza kujifunza nikiwa na miaka 47, nikaongoza kwa kuvuta mkono, hadi mama mmoja niliyekuwa nikicheza naye akaniambia waziwazi kwamba anaumia. Mwalimu wetu aliniondoa kwenye kuongoza na kunifanya nifuate kwa mwezi mzima. Baadaye nilijifunza kwamba jambo hilo lina asili ya heshima: kule Buenos Aires, Argentina, wakati dansi ya tango ilipokuwa imeshamiri, vijana wa kiume walifanya mazoezi wao kwa wao, na mgeni alianza kwa kufuata, wakati mwingine kwa miezi, kabla ya kuruhusiwa kuongoza. Katika mwezi ule nilielewa kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyojisikia anapoamuliwa jambo kabla hajaulizwa, na nilirudi nyumbani nikiwa na mengi ya kumwomba radhi mke wangu, yasiyohusu muziki kabisa.

Sasa nikuombe umtazame mumeo. Amerudi kwenye nyumba iliyojifunza kwenda bila yeye, na huenda anaongoza kwa woga. Mwongozo unapokuwa hafifu, anayefuata hukisia ili dansi isisimame. Naye anayeongoza, akiona mwenzake ameshafika, huzidi kunyamaza. Kila mmoja anamlea mwenzake katika kosa lake. Kwa hiyo mwalimu anaposema unamtangulia, ameeleza nusu tu ya tatizo, na ningependa aitaje nusu ya pili mbele yenu wote wawili. Wepesi ulioupata katika ule nusu wimbo nadhani ulitokana na kupumzika kidogo kubeba uamuzi wa watu wawili, huku ukiwa umesimama imara kwa miguu yako.

Kama muziki wa salsa unawaharakisha, fanyeni mazoezi sebuleni kwa muziki wa kwetu. Ni ndugu wa karibu: salsa ina mizizi yake Kuba, na sahani za santuri za Kuba zilianza kufika Kongo na Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, na bendi ya Salum Abdullah kule Morogoro ilijiita Cuban Marimba kwa sababu hiyo. Nyimbo za zamani za dansi huanza taratibu, mashairi yakiimbwa, kisha huingia chemko, yaani sehemu ya kasi, na kila mtu akamwachia mwenzake. Tumieni sehemu ile ya taratibu peke yake. Shikaneni, fumbeni macho, msipige hatua yoyote mpaka nyote muuhisi uzito ukihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Dakika kumi zinatosha. Zikizidi, mtaanza kukosoana.

Na hapo nina onyo moja. Mumeo akianza kukukaripia ukumbini, au kukusukuma kwa kisingizio cha kuongoza, ukatize wimbo na ukae chini, kwani dansi haimpi mtu ruhusa asiyokuwa nayo nyumbani. Katika barua yako sioni dalili ya hilo.

Alhamisi hii mwombe mwalimu awabadilishie nafasi kwa nyimbo mbili, wewe uongoze na mumeo afuate. Mkiwa njiani kurudi, kabla hujamweleza ulivyoona wewe, muulize yeye ni wapi alipokuelewa na ni wapi alipolazimika kukisia, kisha umwache amalize kujibu.