Barua kwa mwanangu: mwenye nguvu anapotaka usalimu amri kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na ile sura ya hadithi yako uliyoambatanisha niliisoma usiku huohuo. Unasema rafiki yako ameisoma akakwambia ina kasoro kubwa: kundi la meli za anga linaizunguka sayari, lina silaha za kuiunguza yote, halafu jemadari wake anatuma ujumbe wa kuwataka watu wasalimu amri na kuwapa muda wa kufikiri. Adui mwenye akili, anasema, angepiga kwanza. Nawe unaniuliza kwa nini mwenye nguvu apoteze muda kuomba anachoweza kukichukua, na kama ni afadhali uifute sura nzima.

Usiifute. Rafiki yako anachukulia kwamba shabaha ya vita ni kuua, na hapo ndipo hoja yake inapolegea. Anayetuma sharti la kusalimu amri, apende asipende, anatoboa siri yake: kuna kitu anakitaka, na kitu hicho kitaharibika akianza kupiga. Thomas Schelling, mchumi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2005, aliitenga nguvu ya kunyang'anya na nguvu ya kuumiza. Kwa ile ya kwanza unachukua unachotaka bila kujali mwenzako anawaza nini. Hii ya pili ina kazi ikiwa bado hujaitumia, kwa kuwa inamlenga mtu ambaye bado ana cha kupoteza. Sayari ikishaungua, jemadari wako hana tena cha kuitishia.

Sasa jiulize anataka nini. Kama ni maji au madini, hana haja ya kuzungumza na yeyote, wala hana haja ya kushuka. Maji yamejaa kwenye vimondo vyenye mkia, chuma na nikeli vimo kwenye miamba inayozunguka jua, na huko hakuna mtu wa kumrushia kombora. Mtu anayesafiri kutoka nyota moja hadi nyingine akasimama juu ya sayari yenye watu, amefuata kitu ambacho hakipatikani kwenye mwamba mtupu: watu wenyewe, wanachokijua, walivyovijenga, au utii wao. Vitu hivyo vyote havistahimili moto.

Angalia Wamirihi, wavamizi kutoka sayari ya Mirihi, wa mwandishi H. G. Wells, kwenye kile kitabu chake cha mwaka 1898, The War of the Worlds. Watu wanawaendea na bendera nyeupe mkononi, wanataka kuzungumza, na wanachomwa papo hapo kwa mwale wa joto. Hakuna sharti, hakuna muda wa mwisho. Ukiendelea kusoma unaona sababu: Wamirihi wanataka damu ya binadamu, na damu haihitaji ridhaa ya mwenyewe. Walinganishe na Borg, maadui wa kwenye hadithi za televisheni za Star Trek, waliojitokeza mara ya kwanza mwaka 1989. Hao wanataka maarifa na mitambo ya kila jamii wanayoikuta, ndiyo maana wanaziamuru meli zishushe ngao na kuwaambia waliomo kwamba kupinga ni bure. Meli iliyolipuliwa haina maarifa ya kumpa mtu. Hao wawili hawapishani kwa akili wala kwa nguvu. Wanapishana kwa wanachokitaka. Kwa hiyo kabla rafiki yako hajamhukumu jemadari wako, mwambie amuulize kwanza alikuja kufuata nini. Hilo wewe mwenyewe hujalisema popote kwenye sura, na nitalirudia.

Watu wameshaishi na adui wa namna hii, si hadithini tu. Wamongolia wa karne ya 13 walituma masharti kabla ya mashambulizi, na waliowapokea walikuwa na sababu ya kuyaogopa. Mwaka 1246 mtawala wao mkuu, Güyük Khan, alimwandikia Papa Innocent IV akimtaka aje mwenyewe pamoja na wafalme wa Ulaya kuonyesha utii, la sivyo watahesabiwa kuwa maadui. Barua ile ipo mpaka leo kwenye hifadhi za Vatikani. Lakini mimi naona kinachofundisha zaidi ni walichokifanya na waliokwisha kushindwa. Samarkand, mji wa Asia ya Kati, ulipoanguka mwaka 1220, mafundi walitengwa na watu wengine wakapelekwa mbali kuwatumikia washindi. Kwa nini watu wa farasi na mishale wachague wafumaji na wahunzi katikati ya uharibifu ule? Kwa sababu mfumaji akifa, ufundi wake unakufa naye. Na Wauighuri, watu wa Asia ya Kati ambao mtawala wao alijisalimisha mapema, mwaka 1209, walibaki na mtawala wao, makarani wao wakaajiriwa, na maandishi yao ndiyo yakawa maandishi ya dola nzima ya Wamongolia. Hakuna mji ulioteketezwa ambao ungewapa Wamongolia makarani wa namna ile.

Hapo pia kuna hesabu nyingine. Jeshi lililo mbali na kwao haliwezi kupigana kwenye kila lango. Habari za mji uliokataa na habari za mji uliokubali zinalitangulia njiani, na mji unaofuata unazisikia zote mbili. Kwa hiyo adui wa aina hii analazimika kuwa mtu wa neno lake. Akiwachinja waliosalimu amri, mji unaofuata utapigana mpaka mtu wa mwisho, maana hauna cha kupata kwa kufungua lango.

Kwenye anga umbali huo ni mkubwa kiasi ambacho waandishi wengi hawakitendei haki. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.2 kutoka hapa, yaani nuru yenyewe huchukua miaka 4.2 kufika. Jemadari aliyetoka huko akiishiwa makombora, ujumbe wake wa kuomba mengine utafika kwao baada ya miaka minne na zaidi, na mzigo wenyewe utachelewa kuliko hapo kwa kuwa hakuna meli inayokwenda kasi kama nuru. Anapigana na alichobeba. Nguvu yake ni kubwa mno leo asubuhi, na kila anapofyatua inapungua bila kurudishwa. Hiyo inatosha kumfanya mtu aanze kwa maneno.

Na lile la kushtukiza, ambalo rafiki yako amelishikilia sana, halina uzito alioupa. Chombo kinachotoka nyota nyingine lazima kipunguze mwendo kabla ya kufika, na kikipunguza kwa injini, moto wa injini unatazama mbele, kuelekea kwa wanaovamiwa. Wenye darubini watauona mapema sana. Jemadari wako hapotezi siri yoyote kwa kutuma ujumbe. Watu wa sayari wamekuwa wakimtazama akija.

Nikupe sasa tukio moja ambalo nataka ukae nalo kabla hujaandika upya. Zanzibar, Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini kushika usultani bila idhini ya Waingereza, waliotaka kiti hicho kipewe mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Manowari tano za Kiingereza zikawa bandarini, mizinga yao ikilitazama kasri lililokuwa ufukweni kabisa. Tarehe 26 Khalid akapewa sharti: ashushe bendera na atoke kasrini kabla ya saa 3 asubuhi ya kesho yake. Asubuhi ile, kwenye saa 2, alituma mjumbe na jibu lake. Alisema hana nia ya kushusha bendera, na haamini kwamba watafyatua.

Saa 3 na dakika 2 mizinga ilianza. Haikufika hata saa moja, yote yakawa yamekwisha. Vitabu vingi huandika dakika 38. Upande wa kasri watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Hamoud akawekwa kwenye kiti siku hiyohiyo.

Nimelifikiria tukio hili kwa miaka mingi, na kila mara nasimama kwenye lile jibu la saa 2. Khalid hakukosa habari kuhusu nguvu ya adui. Manowari alikuwa anaziona kwa macho yake dirishani. Alichokuwa na shaka nacho ni nia. Watu husema mwenye nguvu mpishe, lakini nguvu huonekana kwa macho na nia haionekani. Shida kubwa ya mwenye nguvu anayetuma sharti ni kuaminiwa. Akifyatua risasi ya kuonyesha, ameanza kuharibu anachokitaka. Asipofyatua, kuna atakayesema anatishia tu. Na walio ndani ya kasri ndio wanaokufa katikati ya mashaka hayo, wengi wao wasiwe na sauti yoyote kwenye jibu lililopelekwa.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo sura yako inaligusa kisha inaliacha. Ujumbe wa kusalimu amri ni silaha tayari, kabla kombora halijatoka. Jana yake sayari ilikuwa na adui mmoja, huko juu. Ujumbe ukishasomwa, mwenye watoto wadogo anamtazama kwa jicho jingine jirani yake anayetaka kupigana. Jenerali anahofia kwamba waziri atakubali. Waziri anahofia kwamba jenerali atampindua. Wapo watakaoanza kutafuta njia yao ya kuzungumza na adui kwa siri, na wapo watakaowasaka hao. Yale masaa ambayo rafiki yako anaona yanapotea bure ndiyo masaa ambayo sayari inajipasua yenyewe, na jemadari hajatumia hata kombora moja. Wewe umeyaruka kwa sentensi mbili, "baraza lilikaa likajadili, mwishowe likakataa." Mwanangu, hapo ndipo hadithi yako ilipo. Nipe baraza lile. Nipe mtu anayependekeza kukubali na ana hoja nzuri, mtu ninayempenda, nisiweze kumwita msaliti hata nikitaka.

Na umpe mtu huyo swali gumu zaidi katika mambo haya yote: tukishaweka silaha chini, nani atamzuia asitufanye atakavyo? Ahadi ya mwenye nguvu haina mdhamini. Watu hukataa sharti hata wanapojua watashindwa, na wanaowaita wajinga hawajalitazama swali hilo. Julai 1945, Marekani, Uingereza na China zilitoa tamko la Potsdam kuitaka Japani isalimu amri bila masharti, la sivyo itaangamizwa. Tamko halikutaja silaha mpya ya atomiki, wala halikusema lolote kuhusu hatima ya mfalme mkuu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko yote kwa watawala wa Tokyo. Kwa hiyo waliolisoma hawakuonyeshwa wazi adhabu itakayowapata wala kama mfalme wao atabakizwa. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9. Sisemi kwamba maneno tofauti yangebadilisha yote; wanahistoria bado wanabishana. Lakini wewe ni mwandishi, na ona ujumbe ule ulivyoacha matundu mawili makubwa, kisha rudi kwenye ujumbe wa jemadari wako.

Maana wake una matundu hayohayo. Anazungumza kwa kurasa mbili kuhusu ukuu wa dola yake na nyota alizozishinda, na hatuambiwi anataka nini, hatuambiwi watu watafanywa nini wakikubali. Mwenye nguvu kweli haelezielezi. Mkatie maneno yake yabaki mistari sita. Ataje kitu kimoja anachokitaka, akitaje kwa jina, kiwe kitu ambacho baraza lilidhani hakijulikani nje ya sayari. Hapo wasomaji wataogopa kuliko kwa hotuba yote ile. Ataje saa. Kisha ataje sayari moja iliyokubali kabla yao, na awaruhusu wazungumze nayo.

Ukiifanya hiyo ya mwisho, utalazimika kuamua watu wa sayari ile watajibu nini wakiulizwa hali yao. Hilo siwezi kukuamulia. Naomba tu wasiwe na jibu moja: awepo anayeshukuru kwamba watoto wake wako hai, na awepo anayewaambia wasikubali kwa namna yoyote, na wote wawili wawe wanasema kweli.

Mwonyeshe rafiki yako barua hii kama unaona inafaa, na umshukuru kwa niaba yangu. Msomaji anayebisha kwa dhati ni wa kutunzwa. Sura ikiwa tayari nitumie hata kabla hujaisafisha, nataka kujua baraza limejibu nini.

Mama yako akupendaye